Mvua ya Miaka Kumi na Tisa

Mapingamizi yalikuwa yasikilizwe Jumatano saa tisa alasiri. Saa mbili asubuhi ya Jumatano hiyohiyo, Inspekta alikuwa amechuchumaa kwenye uwanja wa mtu, anatazama kopo.

Lilikuwa kopo la maziwa ya unga, kubwa, limefungwa kwa waya kwenye nondo, mbali kidogo na paa ili lisidondokewe. Ubavuni lilikuwa limeshika kutu lakini mdomo umesuguliwa ukang'aa. Ndani ilisimama rula ya mbao ya mtoto wa shule. Kwenye fremu ya mlango, kwa penseli iliyokolezwa tena na tena, mtu alikuwa ameandika: Kopo lisiguswe. Chini ya maneno, mistari miwili. Chini ya mistari, namba: 14. 3. 0. 61. Kila namba ilikuwa na nukta mbele yake, hata sifuri.

"Mke wangu alikuwa anaziandika hapo kwanza, mikono ikiwa bado na maji," mwenye nyumba akasema. "Halafu ndiyo anahamishia kwenye daftari."

Kituoni kesi hii walimpa Inspekta huku wanacheka. Mzee mmoja wa bondeni, fundi baiskeli mstaafu, amekuja Jumatatu kushtaki kwamba daftari lake limepotea ofisi za halmashauri. Lina nini ndani? Mvua. Askari wa zamu alimuuliza kama angependa na mawingu yaandikwe kwenye taarifa. Mkuu wa kituo akalisukuma jalada kwa Inspekta, ambaye wenzake walimwita Msasa kwa sababu jambo akilishika hulisugua mpaka chini ya rangi. Miaka kumi na mmoja alikuwa akisugua mbao za wakubwa, na miaka kumi na mmoja hakupandishwa cheo. Kwa hiyo kesi za makopo zilikuwa zake.

Mzee mwenyewe mtaani aliitwa Mzee Kopo. Alimletea kigoda, akampa nakala ya pingamizi lake, kurasa mbili za mkono. Inspekta aliisoma mara mbili kabla ya kuuliza chochote.

Halmashauri ilikuwa imependekeza kanuni mpya za maji ya mvua. Kila mwenye kiwanja kando ya mfereji aache mita sita wazi. Kilichomo ndani ya mita sita kivunjwe, kwa mkono wa mwenyewe au kwa mkono wa halmashauri. Sababu iliyoandikwa na Mhandisi wa halmashauri ilikuwa sentensi moja: mvua imeongezeka, mfereji hautoshi. Mzee Kopo alipinga kwa hoja mbili. Kwanza, yeye alijenga nyumba mfereji ukiwa mbali. Ulisogezwa mlangoni kwake ghala la saruji la kule juu lilipojengwa. Pili, mvua haijaongezeka hata kidole. Shahidi wa hoja zote mbili alikuwa marehemu mkewe, Mwalimu, aliyepima mvua kila asubuhi saa moja kabla ya kwenda shule, miaka kumi na tisa, akaandika yote kwenye daftari moja nene lenye jalada gumu. Halmashauri ilitaka kielelezo halisi, nakala haikubaliki. Kwa hiyo mzee alilipeleka lenyewe.

Kuhusu ghala hilo, sisi wa bondeni hatuhitaji daftari. Miaka kumi na tano imepita na bado tunaweza kukuhesabia malori ya kifusi yaliyomwagwa kwenye mkondo wa zamani, na nani alisimama pembeni na kofia ya chuma akisema ni kwa faida yetu. Lakini kumbukumbu ya maskini haina muhuri. Ya Mwalimu ilikuwa na tarehe.

Inspekta alitoa futi kamba, akamwomba mzee ashike ncha moja ukingoni mwa mfereji. Wakaivuta pamoja. Ilipita kwenye kopo, ikapita kwenye jiko, ikapanda barazani, ikaingia mlangoni. Mita sita ziliishia chumbani, katikati ya kitanda kipana kilichotandikwa upande mmoja tu.

Mzee aliitazama ile kamba ilipolala.

"Upande wake unakwenda na mfereji," akasema. "Wangu unabaki."

Inspekta akaikunja. Alimuuliza kama tangu msiba kuna mtu anaendelea kupima. Mzee alisema anapima yeye, kila siku saa moja, lakini haandiki. Mwandiko wake ungeharibu daftari.

"Sasa namba unaziweka wapi, baba?"

"Namwambia tu."

Akamsindikiza hadi barabarani. Walipoagana alisema jambo moja, taratibu, kama mtu anayeomba kuazimwa kitu. Nyumba wakiivunja, atakwenda kwa mwanawe, hatalala nje. Ila lile daftari alikuwa na desturi ya kulifungua jioni na kusoma mvua ya siku kama hiyo mwaka fulani, na sasa ni wiki ya pili halipo, na jioni zimekuwa ndefu.

*

Mtu wa kwanza kushukiwa na mtaa mzima alikuwa mwenye ghala la saruji. Tulimwita Zege, kwa kazi yake na kwa moyo wake. Inspekta alimkuta saa tatu na nusu kwenye uwanja uliosakafiwa kutoka ukuta hadi ukuta, hakuna hata mahali pa jani kuchomoza. Maji yote ya uwanja huo yalielekezwa kwenye bomba moja pana, na bomba lilielekezwa kwetu.

Zege hakukana kitu. Ndiyo, Ijumaa alikwenda masjala kulisoma jalada la mapingamizi. Ni haki ya kila raia, na yeye ni raia, tena mlipa kodi. Alilisoma mbele ya karani, akalirudisha, akasaini. Daftari la mvua hakuliona.

"Dada yangu, mimi nikiiba, naiba kinachohitaji lori," akasema, na vibarua wawili waliokuwa karibu wakacheka kwa zamu, kama wanaolipwa kwa kicheko.

Inspekta alimwambia kwamba daftari lile likisomwa leo, huenda Mwenyekiti wa kikao akauliza mkondo wa zamani ulikwenda wapi. Zege akasema hilo haliwezi kumnyima usingizi.

"Nihangaike na nini? Tangu Jumanne ya wiki iliyopita nilishaambiwa kwenye simu kwamba yule mzee hana kielelezo."

"Na nani?"

"Watu."

Inspekta aliandika neno moja tu, Jumanne, akalipigia mstari. Zege aliuona ule mstari, na tangu hapo akawa na haraka ya kwenda kusimamia mzigo.

*

Masjala ya halmashauri ilikuwa chumba kirefu chenye rafu za chuma hadi darini. Karani wake alikuwa msichana wa miaka kama ishirini na mitano, mnyoofu wa mgongo, meza yake safi kama ya daktari. Alimpokea Inspekta kwa shikamoo afande, akamletea jalada kabla hajaliomba.

Inspekta hakuanza na maneno. Alianza na kamba. Kwa watu wa masjala, karatasi isiyo na matundu mawili haijafika ofisini: hutobolewa, hupitishwa kwenye kamba ya jalada, hupewa namba kwa wino mwekundu. Pingamizi la Mzee Kopo lilikuwa la kumi na saba, limepokelewa Jumatatu ya wiki iliyopita. Mwishoni mzee aliandika: Kiambatanisho, daftari moja. Pembeni ya neno daftari palikuwa na alama ya tiki, kwa wino mwekundu. Kwa hiyo lilipokelewa, na aliyelipokea ni mwenye wino huo.

Akaisogeza kamba kwa ncha ya kalamu. Daftari nene likichomolewa kwa nguvu huacha vipande vya karatasi vimeng'ang'ania. Likichomolewa kwa utaratibu, kamba hubaki imelegea, maana ilishazoea unene. Hii ilikuwa imebana karatasi kumi na saba na kumi na nane kama mapacha mgongoni. Daftari halikuibwa kutoka kwenye jalada. Halikuwahi kuingia. Zege na lori lake wakatoka kwenye orodha.

Aliomba daftari la mwendo wa majalada, lile linaloonyesha jalada limetoka lini na kwa nani. Lilitoka mara ya kwanza Alhamisi, kwenda kwa Mhandisi. Likarudi Ijumaa asubuhi. Akarudi tena kwenye jalada, ukurasa wa ndani kushoto, ambako hubandikwa madokezo ya wakubwa. Mhandisi alikuwa ameandika: Pingamizi Na. 17 halina kielelezo, lisisikilizwe. Sahihi. Tarehe. Inspekta aliitazama tarehe, akahesabu kwa vidole chini ya meza. Hilo lilikuwa la baadaye.

La sasa lilikuwa mbele ya macho yake na alikuwa ameanza kuliona kabla hajalielewa. Katika daftari la mwendo wa majalada, kila kichwa cha habari kilipigiwa mistari miwili. Kila namba ilifungwa kwa nukta.

Alimuuliza Karani kitu kinene hutobolewa vipi. Karani akaonyesha mashine, akaeleza: hutobolewa kurasa kumi kumi, na ikishindikana, sindano ya gunia. Hata vyeti vya ndoa? Hata vyeti vya ndoa. Hata vya vifo? Kila kitu, afande. Kisichotobolewa hakijafika.

"Alikufundisha darasa la ngapi?" Inspekta akauliza.

Karani hakuuliza nani.

"La nne," akasema. Kisha akainama, akafungua droo ya chini kwa ufunguo uliokuwa shingoni mwake, akatoa kitu kilichofungwa kwenye taulo safi.

Lilikuwa daftari la jalada gumu, kingo zimezungushiwa gundi ya karatasi. Ndani, penseli. Siku, milimita, nukta. Na pembeni kabisa, kule ambako mashine ingetoboa, maelezo mafupi yaliyobanana kama watu kwenye kizingiti. Karani alifungua ukurasa bila kuutafuta, akamgeuzia Inspekta.

40. Watoto tisa hawakuvuka. Binti wa muuza mkaa nimemvusha mgongoni. Amenililia sikioni njia nzima.

"Muuza mkaa ni baba yangu," Karani akasema.

Yaliyobaki aliyasema akiwa ameupa mlango mgongo. Siku ile ya Jumatatu alipiga tiki, akachukua mashine, akafungua ukurasa wa kwanza aanze, akaona tundu litapita juu ya maandishi. Akasema atatoboa kesho. Kesho yake akasoma kurasa ishirini. Mzee alipokuja kuliulizia, dokezo la Mhandisi lilikuwa tayari linasema hakuna kielelezo, na kuweka kielelezo nje ya jalada ni kosa la kufukuzwa. Mdomo ukasema halipo kabla moyo haujakubali.

"Ungelirudisha lini?"

"Sijui, afande. Nilikuwa sijamaliza kusoma."

Inspekta alikaa, akasoma na yeye, kwa jicho la kazi. Miaka sita ya kwanza hakuna mtoto aliyeshindwa kuvuka, hata siku ya milimita themanini na nne. Mwaka wa saba, mwaka wa kifusi, siku ya milimita arobaini tu, tisa. Kuanzia hapo pembe za kurasa zilijaa: kumi na mmoja, sita, wote wa bondeni. Maji yamefika kizingitini. Maji yameingia. Mvua ilibaki ileile. Kilichobadilika ni njia ya kupita. Alijumlisha milimita za mwaka wa pili na za mwaka wa kumi na nane kwenye karatasi ya pembeni. Tofauti haikufika upana wa kucha.

Ukurasa wa mwisho wenye maandishi ulikuwa na namba moja tu: 3. Chini yake, penseli ikiwa nyepesi: Leo kapima yeye, nimeandika mimi.

Inspekta alilifunga daftari kwa uangalifu zaidi kuliko alivyolifungua.

*

Mhandisi alimpa dakika tano, saa saba na nusu, akiwa amesimama. Ukutani alikuwa na ramani kubwa yenye mfereji mmoja wa buluu, ulionyooka, kana kwamba Mungu aliupiga kwa rula. Kofia ya chuma ilining'inia kwenye msumari. Tuliitambua kofia hiyo, sisi.

Inspekta aliuliza kama ndiye aliyeandika dokezo. Ndiye. Kabla ya kuandika alilipekua jalada? Bila shaka, karatasi kwa karatasi, ndiyo kazi yake. Na kielelezo hakikuwemo? Hakikuwemo.

"Umeandika Jumanne," Inspekta akasema. "Jalada limetoka masjala Alhamisi."

Mhandisi alitabasamu. Tarehe, alisema, binadamu hukosea. Kazi ni nyingi, siku zinafanana.

"Kwa hiyo uliandika Alhamisi, ukakosea ukaweka Jumanne."

"Hasa."

"Na simu uliyompigia mwenye ghala Jumanne kumwambia mzee hana kitu, nayo ilikosea siku?"

Mhandisi akakaa chini. Alisogeza kikombe kushoto, akakirudisha kulia. Kisha akaongea kwa sauti ya mtu anayemshauri mdogo wake. Mambo haya ni ya kitaalamu. Kopo si kipimo. Bondeni ni bondeni, maji lazima yaende mahali. Na Inspekta, kwa umri wake, angekuwa na cheo kikubwa kama angejua kesi za kushika.

Inspekta alimwomba ayaandike hayo na kuweka sahihi. Alikataa. Basi akaandika yeye: alikataa, saa saba na dakika arobaini.

Alikuwa amemkuta mtu aliyejua jalada halina kitu kabla ya kulifungua, kwa sababu hakuwa na nia ya kulifungua. Karani alificha kwa mapenzi kile ambacho mwingine alishakizika kwa dharau. Kisheria wote wawili walikuwa na makosa, na Inspekta alijua ni lipi lingeadhibiwa haraka. Ndiyo maana aliandika la Mhandisi kwanza, kurasa tatu, na la Karani mistari minne.

*

Saa tisa kasoro dakika ishirini, kwenye ukumbi mdogo nje ya chumba cha kikao, Mzee Kopo alipewa daftari lake mkononi.

Hakulifungua. Alilinusa jalada, akalikumbatia kifuani kwa mikono miwili, koti lake la msibani likapanda mabegani. Karani alipiga magoti mbele yake na kueleza kila kitu bila kujitetea. Mzee alimsikiliza hadi mwisho, akauliza swali moja, kama yeye ndiye wa mgongoni. Karani akaitikia kwa kichwa.

"Alisema ulikuwa mzito," mzee akasema, na kwa mara ya kwanza siku hiyo wote watatu wakacheka kidogo.

Kisha Mwenyekiti wa kikao, mama wa miwani aliyewahi kuwa hakimu, akatoka kueleza taratibu, kwa upole lakini bila kupinda. Kielelezo kiwe ndani ya jalada kabla ya saa tisa, kimetobolewa, kina namba. Kikishaingia ni mali ya shauri. Shauri likiisha, jalada huenda ghala la nyaraka. Inspekta aliuliza kama mzee anaweza kubaki na nakala. Karani alikwishajaribu mchana: kwa ile penseli, mashine ya kunakili ilitoa kurasa za kijivu, namba zinaonekana, maelezo ya pembeni yamemezwa.

"Ghalani linakaa muda gani?" mzee akauliza.

Mwenyekiti alimtazama Karani. "Yaliyoingia sijawahi kuona yakitoka, baba," Karani akasema.

Hivyo ndivyo wanavyotufanyia, miaka yote. Ili upewe haki yako, kwanza uwaachie kile unachoitakia hiyo haki. Mzee akiliondoa daftari, saa tisa na nusu pingamizi limekufa na futi kamba itarudi chumbani na nyundo nyuma yake. Akiliacha, huenda kopo likabaki kwenye nondo yake, kitanda kikabaki na pande zake mbili, na jioni zikabaki ndefu hivihivi.

Mhandisi alipita kuingia kikaoni. Alisimama, akasema kwa adabu kwamba mzee anaweza kuondoa pingamizi na kwenda zake na kumbukumbu yake, hakuna atakayemlaumu.

Mzee Kopo alimpa mgongo. Alimgeukia Karani.

"Lete mashine yako."

Karani alisema mkono wake hauwezi. Mzee akasema hakumwomba mkono. Alikaa kwenye benchi, akaiweka mashine mapajani, na kwa vidole vya mtu aliyeziba matairi maisha yake yote akaanza kutoboa, kurasa kumi kumi. Kila mara kabla ya kubonyeza alisoma pembe, midomo ikicheza. Alipofika ukurasa wa watoto tisa alimpa Karani asome kwa sauti, ndipo akabonyeza. Inspekta alisimama mlangoni, saa mkononi, akiwazuia wanaotaka kupita.

Saa tisa kasoro dakika mbili, daftari lilikuwa kwenye kamba. Karani aliandika namba kwa wino mwekundu, akafunga kwa nukta.

Mzee hakuinuka. Aligeuza mashine, akafungua kifuniko chake cha chini, akamwaga kwenye leso vile viduara vyote vya karatasi, vidogo kama magamba. Vingi vilikuwa na penseli: nusu ya namba, mkia wa herufi, nukta nzima. Akafunga leso fundo, akaiweka mfuko wa shati.

Ndani waliita pingamizi la kumi na saba. Mhandisi alikuwa wa kwanza kunyoosha mkono: kielelezo hiki kimeandikwa na mtu asiyeweza kuhojiwa. Mwenyekiti aliligeuza daftari kurasa chache, akasimama kwenye moja, akasoma hadi maelezo ya pembeni. Akavua miwani.

"Mzee, aliyeandika haya ni nani?"

"Mke wangu."

"Yupo hapa?"

Mzee Kopo aliweka kiganja juu ya mfuko wa shati.

"Yupo kidogo," akasema.